Bukavu: Bastola nzito haiwezi kulinda nyumba ya mbao

Giza likiingia Bukavu, milango hufungwa mapema. Tangu Februari 2025 wakaaji wa Kadutu, Bagira na Ibanda wamezoea kulala sikio likiwa nje: hatua za watu kwenye ngazi za udongo, mlango wa jirani unaogongwa, mlio wa risasi unaotoka upande wa Panzi au Nyamugo. Asubuhi habari hupita kutoka nyumba hadi nyumba. Fulani ameibiwa simu na pesa. Fulani amepigwa. Fulani hakuamka.

Katika hali hiyo, swali moja linazunguka kwa sauti ya chini kati ya wanaume. Ikiwa silaha zimejaa mjini, kwa nini baba wa familia asiwe na yake? Swali la pili hufuata papo hapo: achague bastola gani? Jibu linalokuja haraka ni ile kubwa, nzito, yenye mshindo, ile inayosemekana kumwangusha mtu kwa risasi moja.

Jibu hilo linaeleweka. Mtu aliyevunjiwa nyumba mara tatu hahitaji kuhubiriwa amani na mtu anayelala salama. Lakini ni jibu litakalowaumiza kwanza wale wale linalodai kuwalinda: mke, watoto, na jirani aliye nyuma ya ubao. Na linawapunguzia mzigo wale wanaotakiwa kujibu kuhusu usalama wa mji.

Silaha zilizoachwa njiani

Bukavu haikuanza jana kuishi na bunduki. Oktoba 1996, wapiganaji wa AFDL walipoingia, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humu tarehe 29 ya mwezi huo. Juni 2004 mji ulitekwa na askari wa Jenerali Laurent Nkunda na Kanali Jules Mutebutsi. Kila mara jeshi moja linapotoka na jingine kuingia, kuna silaha zinazobaki nyuma, na huwa hazikai bila mwenyewe.

Mwaka 2025 ilikuwa hivyo tena. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulianguka mikononi mwa M23 tarehe 14 Februari, na tarehe 16 wapiganaji hao walikuwa katikati ya mji. Kati ya siku hizo mbili Bukavu haikuwa na mwenye amri. Wafungwa walitoroka gereza kuu. Maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliporwa. Bunduki, risasi na sare za jeshi zilionekana zimetupwa njiani, na waliozifikia mapema walikuwa pamoja na watoto.

Yaliyofuata yangetosha kuwa somo. Tarehe 18 Februari, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba imethibitisha visa vya wapiganaji wa M23 kuwaua watoto baada ya kuingia Bukavu, na kwamba watoto hao walikuwa na silaha. Hakuna kinachohalalisha mauaji hayo, na walioyafanya wanapaswa kujibu mbele ya sheria. Lakini mzazi wa Bukavu hawezi kuisoma habari ile bila kuona kitu kingine ndani yake: bunduki haikumlinda mtoto aliyeiokota. Ilimfanya aonekane adui.

Siku chache baadaye, tarehe 27 Februari, milipuko ilitokea katika uwanja wa Place de l'Indépendance, watu walipokuwa wakitoka kwenye mkutano wa viongozi wa AFC/M23. Watu zaidi ya 10 walikufa na makumi walijeruhiwa. Wengi wa waliokimbizwa hospitalini walikuwa raia wa kawaida. Hivyo ndivyo silaha zinavyofanya kazi katika mji uliobanana: anayelengwa ni mmoja, wanaoanguka ni wengi.

Nguvu ya risasi na udhaifu wa mkono

Turudi kwenye bastola nzito yenyewe, kwa sababu sifa zake nyingi zimetoka kwenye filamu. Katika filamu shujaa anafyatua mara moja, adui anarushwa nyuma mita mbili, na mkono wa shujaa hautikisiki. Ukweli wa chuma na baruti ni mwingine.

Risasi inaposukumwa mbele, bastola nayo inasukumwa nyuma. Hiyo ni sheria ya maumbile, ile ile inayofundishwa shuleni katika fizikia. Risasi ya milimita 9, inayotumiwa na majeshi na polisi wengi duniani, ina uzito wa takriban gramu 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Risasi ya .44 Magnum, mojawapo ya zile zinazosifiwa kwa nguvu, ina takriban gramu 15 na hupita mita 400 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, msukumo unaorudi kwenye kiganja cha mpigaji ni zaidi ya mara mbili. Mtutu unaruka juu, kifundo cha mkono kinapinda, macho yanafumba. Risasi ya kwanza ikikosa, ya pili inachelewa, nayo huenda mahali ambapo mpigaji mwenyewe hakuchagua.

Si raia tu wanaoshindwa na msukumo huo. Mwaka 1986, huko Miami nchini Marekani, maofisa 2 wa FBI waliuawa katika mapambano ya risasi na majambazi wawili. Shirika hilo likaamua kwamba risasi zake zilikuwa dhaifu, likachagua risasi kubwa zaidi ya milimita 10. Haikuchukua muda kugundua kwamba maofisa wengi hawakuweza kuituliza mkononi. Ikapunguzwa nguvu, kisha ikaachwa kwa ajili ya risasi nyingine, ya .40. Miaka kama 30 baada ya Miami, FBI ilikuwa imerudi kwenye milimita 9, na moja ya sababu ilikuwa rahisi: maofisa walilenga vizuri zaidi na kufyatua haraka zaidi bastola isiyowarusha mkono.

Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi, wenye viwanja vya shabaha, walimu na risasi za kutosha. Baba wa familia wa Cimpunda au Nkafu atafanyia mazoezi wapi? Akifyatua risasi moja tu ya majaribio kilimani, mtaa mzima utaingia chini ya vitanda, na wenye silaha wa kila upande watakuja kuuliza ni nani aliyepiga. Kwa hiyo hatajaribu. Bastola atakuwa nayo, lakini siku ya kwanza ya kuitumia itakuwa usiku, gizani, moyo ukimdunda, mke akilia, na mlango ukivunjwa.

Na anayevunja mlango mara nyingi hayuko peke yake. Wanaovamia nyumba usiku huja wawili, watatu au zaidi, na bunduki wanayobeba huwa Kalashnikov, yenye magazini ya risasi 30 na nguvu inayoipita bastola karibu yoyote. Mtu aliyekurupuka usingizini, akishika bastola asiyoimudu, dhidi ya watu walioamua saa, njia na idadi yao: mizani hiyo haitengenezwi na ukubwa wa risasi.

Ukuta wa mbao haujui adui

Hata tukisema anayo mikono ya chuma na hajui hofu, bado iko nyumba yenyewe.

Anayeijua Kadutu anajua jinsi nyumba zilivyopandana kwenye mteremko. Paa la mmoja liko karibu na kizingiti cha mwingine. Kuta nyingi ni mbao na mabati, na ndiyo maana moto ukiwaka katika nyumba moja unakula safu nzima kabla maji hayajafika. Mkaaji wa mji huu anasikia jirani akikohoa, akigombana, akimbembeleza mtoto. Kinachowatenganisha ni ubao wa unene wa vidole viwili, pengine kimoja.

Ubao huo hausimamishi risasi. Hata risasi ya kawaida ya milimita 9 hupenya ukuta wa mbao na kuendelea na safari. Risasi ya bastola nzito hupenya ukuta, kisha ukuta wa jirani, kisha chochote kilicho nyuma yake. Sifa inayomvutia mnunuzi, yaani nguvu ya kupenya, ndiyo inayoigeuza silaha hiyo kuwa hatari kwa mtaa. Baba anayefyatua kuelekea mlangoni mwake anafyatua pia kuelekea kitanda cha watoto wa nyumba ya chini.

Tuchukue mfano wa familia yoyote ya watu 7 katika vyumba viwili. Bastola itafichwa wapi? Chini ya godoro, ambapo watoto wanarukaruka. Juu ya kabati, ambapo mtoto wa miaka 9 anafika kwa kusimama kwenye kiti. Ndani ya gunia la maharagwe, ambapo mama anatia mkono kila jioni. Kabati la chuma lenye kufuli, ambalo ndilo hitaji la kwanza kwa mwenye silaha katika baadhi ya nchi zinazoruhusu raia kuimiliki, kwa familia kama hiyo ni ndoto. Na bastola iliyofungiwa mbali na watoto haifikiki wezi wakija, wakati ile iliyo karibu na mkono wa baba iko karibu pia na mkono wa mtoto.

Utafiti mashuhuri uliochapishwa Marekani mwaka 1993 na daktari Arthur Kellermann na wenzake uliona kwamba nyumba zenye bunduki zilihusiana na hatari ya mtu kuuawa nyumbani iliyokaribia mara tatu ya nyumba zisizo nayo, na mara nyingi muuaji alikuwa ndugu au mtu anayejulikana na familia. Marekani si Bukavu, na utafiti huo umebishaniwa sana. Lakini ugomvi wa ndoa, ulevi, wivu na deni havihitaji viza kuvuka bahari. Ugomvi ambao leo unaishia kwenye makofi na kikao cha familia, kesho unaweza kuishia makaburini.

Mwenye bastola ndiye anayetafutwa

Iko hatari nyingine ambayo wauzaji wa silaha za siri hawaitaji. Katika mji wenye vita, bastola ni mali kuliko simu na kuliko pesa za faranga. Habari kwamba fulani ana "kitu" nyumbani haikai siri zaidi ya wiki. Wezi waliokuwa wakipita kwa sababu nyumba ni maskini, sasa wana sababu ya kuingia, na wataingia wakiwa tayari kuua kabla ya kuuliza.

Kuna pia wenye mamlaka wa siku. Ikifanyika misako ya nyumba, kila anayekutwa na silaha anaweza kuitwa Mzalendo, mpelelezi au askari aliyejificha, na hakuna anayempa muda wa kueleza kwamba aliinunua ili kuwalinda watoto wake. Mbele ya wapiganaji wa upande wa pili, bastola hiyo hiyo itamfanya mshirika wa waasi.

Sheria ya Kongo nayo haiko upande wake. Sheria kuhusu silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985 bado ndiyo msingi. Inadai kibali cha serikali kwa anayetaka kumiliki silaha, na silaha za kivita si za raia. Bastola iliyookotwa Februari 2025, au kununuliwa kwa aliyeiokota, haina kibali na haiwezi kukipata. Vita vikiisha na mahakama zikarudi, mwenye nayo atakuwa na kesi. Hata Kenya, ambako raia anaweza kupewa leseni ya bastola, mwishoni mwa 2018 serikali iliwaamuru wenye leseni wote wahakikiwe upya, kwa sababu ilionekana wazi kwamba karatasi peke yake haitoshi kujua nani anastahili kubeba silaha.

Hoja ya waliochoka

Watakaosoma haya watauliza: basi tukae tuchinjwe kama kuku? Polisi hawapo, mahakama hazipo, MONUSCO ilifunga kazi zake Kivu Kusini katikati ya 2024. Nani atakuja tukipiga kelele?

Ni hoja nzito na haistahili kudharauliwa. Lakini kumbukumbu ya Bukavu yenyewe inasaidia kuijibu. Pascal Kabungulu, mtetezi wa haki za binadamu, aliuawa nyumbani kwake tarehe 31 Julai 2005. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake wa redio hiyo hiyo, Didace Namujimbo, aliuawa karibu na kwake tarehe 21 Novemba 2008. Wote watatu waliuawa na watu waliokuwa wamejiandaa, walioamua wenyewe wakati na mahali. Bastola mfukoni haiwahi mbele ya mtu ambaye tayari amelenga.

Baada ya vifo hivyo, wanahabari na mashirika ya kiraia ya Bukavu hawakudai kugawiwa silaha. Walidai uchunguzi wa kweli na hukumu ya haki, na kesi zilipoendeshwa vibaya walisema hadharani kwamba zimeendeshwa vibaya. Walikuwa wametambua kilichokosekana. Muuaji wa Bukavu hana ujasiri kwa sababu raia hawana bastola. Ana ujasiri kwa sababu anajua hatatafutwa kesho asubuhi. Bastola elfu moja zaidi katika Kadutu hazitabadilisha hilo. Zitaongeza tu idadi ya wauaji wasiotafutwa.

Kinachowezekana

Wakaaji wa miji ya mashariki mwa Kongo wana njia zao za zamani za kujilinda: filimbi, sufuria zinazogongwa, mtaa mzima kuamka kwa pamoja. Njia hizo huchekwa kwa sababu hazina sura ya ushujaa. Lakini mwizi anategemea kimya na giza, na filimbi inavunja kimya bila kumtoboa mtoto wa jirani. Avenyu yenye orodha ya namba za simu, taa moja ya jua kwenye kona, na kanuni kwamba anayegongewa usiku hafungui peke yake, imejilinda kuliko avenyu yenye bastola tano zisizojulikana ziko kwa nani. Sharti ni moja: anayekamatwa asichomwe moto. Hasira ya umati imeshawaua watu wasio na hatia katika mji huu, na mtaa unaoua hauna tena cha kumdai muuaji.

Zile silaha zilizofichwa tayari zinahitaji njia ya kutoka. Leo hakuna njia, kwa sababu anayebeba bunduki kwenda kuirudisha anaweza kupigwa risasi akiwa safarini. Hapa makanisa na misikiti yanaweza kufanya ambalo wenye silaha hawawezi. Katanga, katika miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilikuwa likipokea bunduki na kumpa aliyeirudisha baiskeli. Mpango huo haukumaliza silaha zote, lakini ulionyesha kwamba mtu hutoa bunduki anapomwamini anayeipokea na anapoona faida anayoweza kuipanda na kwenda nayo shambani. Bukavu inahitaji makubaliano ya namna hiyo, yanayokubaliwa na kila upande wenye nguvu: mahali pajulikane, siku zijulikane, jina lisiulizwe, silaha iharibiwe hadharani isije ikarudi sokoni.

Na mzigo mkubwa usiondolewe kwa wenyewe. Anayeshika mji kwa bunduki amechukua pia wajibu wa usalama wa waliomo. Doria zijulikane, wanaovaa sare watambulike, malalamiko dhidi yao yapokelewe bila mlalamikaji kutoweka. Kinshasa nayo haiwezi kuwagawia vijana silaha milimani, kisha ishangae zinaposhuka mjini. Kongo ilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo mwaka 2004, na mkataba wa Afrika ya Kati kuhusu silaha hizo ulipitishwa Kinshasa kwenyewe mwaka 2010. Saini hizo hazikuwahusu mabalozi peke yao. Zilimhusu pia mama wa Nyamugo anayelaza watoto sakafuni kwa sababu kitanda kiko juu sana, usawa wa risasi.

Baba anayefikiria kununua bastola nzito afanye jambo moja kabla ya kutoa pesa yake. Usiku huu, watoto wakiwa wamelala, asimame mahali angesimama wezi wakija, anyooshe mkono kuelekea mlangoni, kisha ajiulize ni nani analala upande ule, nyuma ya ubao wa kwanza na wa pili. Anawajua kwa majina.